Milango ya Ghorofa la Mama

Jamani! Hiki kitu hamtakiamini. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nilikigusa kwa mikono hii hii inayoandika, na bado kuna asubuhi naamka najiuliza kama sikuota. Lakini picha ninazo, zote zimo humu kwenye simu. Kwa hiyo mkianza na yale yenu ya "huyu naye na hadithi zake," tulieni kwanza. Nisomeni mpaka mwisho. Kuna swali nitawauliza, na nataka jibu la kweli, siyo jibu la kujionyesha kwa watu.

Nianze na mama. Mama yangu ni mshonaji. Sare za shule, mapazia, magauni ya harusi, kashona mpaka mgongo ukapinda. Pesa aliyodunduliza akanunua kiwanja kando ya barabara, mahali watu wanapita kutwa, kisha akaenda benki kukopa ajenge ghorofa la kupangisha. Chini maduka, juu vyumba, sakafu mbili za vyumba. Sasa benki siyo shangazi yako, haikupi kwa kukuonea huruma. Walitaka dhamana, na dhamana yenyewe ikawa nyumba tunayolala, ile aliyotuachia marehemu baba. Hati ikaingia kwenye kabati lao, mama akatoka pale anatabasamu kama kaokota dhahabu.

"Mwanangu," akaniambia, "wapangaji ndio watakaolipa huu mkopo. Sisi kazi yetu kulala tu."

Kulala! Thubutu.

Mimi akanipa umeneja. Umeneja wenyewe ni simu. Nikafungua grupu la wapangaji, humo natangaza vyumba vilivyo wazi, nakumbusha kodi, napokea malalamiko ya maji na ya jirani kapiga redio. Waliniita Meneja kwa kunitania, maana sijui kama kuna meneja mwingine duniani ofisi yake ni kiti cha plastiki chini ya ngazi. Na humo humo kwenye grupu nilikuwa nawaandikia hadithi za kutisha. Majini, maiti anayekohoa, mambo hayo. Walizipenda balaa. Mtu hajalipa kodi, nikimpigia hapokei, lakini nikitupia hadithi anajibu hapo hapo: "Meneja, usituache njiani, sehemu ya pili lini?"

Tatizo lilianza maduka mawili ya chini yalipokosa mpangaji. Chumba kikiwa wazi hakiingizi kitu, lakini benki haijui habari za chumba wazi. Mwezi ukiisha wanataka rejesho lao. Malimbikizo yakatufika shingoni. Mama akaanza kula mara moja kwa siku, ukimuuliza anasema hana hamu.

Ndipo akatokea Mzee Magodoro. Tumbo mbele, kicheko cha kusikika mtaa wa pili, anauza magodoro. Akataka maduka yote mawili na akasema atalipa kodi ya mwaka mzima mbele. Mwaka mzima, jamani! Sharti lake lilikuwa moja, ayaunganishe yawe duka moja kubwa.

"Si ukuta tu huo wa katikati, mama," akasema. "Niachie mimi, nina fundi wangu."

Mama akamtazama. Akatazama ujumbe wa benki kwenye simu yangu. Akasema, "Unganisha, baba. Ila usiniharibie rangi."

Rangi! Hilo ndilo lililomsumbua. Na mimi meneja nimesimama pembeni napiga picha wanavyopeana mikono. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ndani ya ule ukuta mna nini.

Kodi ya mwaka ikaingia, benki ikaimeza yote kwa malimbikizo kabla mama hajaishika. Maana yake huku chini hatuna cha kutarajia tena mpaka mwaka uishe. Lakini tulilala usingizi. Duka likajaa magodoro kutoka sakafuni mpaka darini, mekundu, ya bluu, ya maua. Ukiingia unaona magodoro tu.

Halafu milango ikaanza.

Wa kwanza alikuwa Nesi. Huyu ni dada mmoja mpole anayefanya kazi hospitali, zamu za usiku, mchana analala kama jiwe. Chumba chake kiko moja kwa moja juu ya duka la magodoro. Akaandika kwenye grupu: "Meneja, mlango wangu haufungi, unakwama juu." Nikamwita fundi seremala. Tunamwita Fundi Randa, kwa sababu dawa yake ya kila kitu ni kupiga randa. Akauteremsha mlango, akaukwangua, akaurudisha, ukafunga vizuri.

Baada ya siku chache mlango wa Baba Pacha. Yeye yuko sakafu ya mwisho, na mkewe na pacha wao wawili. Fundi akaja, akakwangua. Hatujakaa sawa, wa Nesi tena.

"Fundi, si uliutengeneza huu?"

"Mbao ni kama mtu, bosi mdogo. Inakunywa maji, inavimba."

"Maji gani na mvua tumeisahau?"

"Basi imevimba kwa hasira." Akacheka mpaka vumbi la mbao likamwingia kooni. "Milango yenu hii ndiyo inanilipia ada za watoto. Ikikwama tena usisite, niite."

Nikamwita. Nikamwita tena. Milango ikakwanguliwa mpaka mwingine ukabaki mwembamba na mfupi, ukiwa umelala kitandani unaona viatu vya wanaopita nje. Hivi ndivyo tulivyokuwa tunaendesha ghorofa, yaani ghorofa linaumwa na sisi tunalikata kucha.

Kisha Baba Pacha akatuma video. Mpira wa watoto wake umewekwa katikati ya chumba, hakuna anayeugusa. Ukatulia kidogo, halafu ukaanza kubiringika wenyewe, polepole, mpaka kona ya ukuta. Akaurudisha. Ukaenda tena kona ile ile. Pacha wanacheka na kupiga makofi.

Nywele zilinisimama. Na unajua nilifanya nini? Niliandika hadithi! Nikaiita "Mtoto Asiyeonekana," nikaiweka na video yake. Grupu likawaka moto. Watu walikesha wanaomba sehemu ya pili. Ila Nesi akaniandikia pembeni: "Hadithi nzuri, mdogo wangu. Lakini kweli kuna kitu kinalia ukutani kwangu. Kama mtu anasaga meno." Nikamtumia kikatuni cha kucheka.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Mama alikuwa ameiomba benki imrefushie mkopo, ili rejesho la kila mwezi lipungue tupumue. Wakasema sawa, ila kwanza mthamini wao aje aangalie ghorofa lina thamani gani. Akiridhika, tumepona. Asiporidhika, wanadai chao chote kwa mpigo, na nyumba ya baba inapigwa mnada. Mama aliondoka asubuhi kwenda kumchukua huyo bwana, kavaa gauni lake la heshima. Akaniachia maagizo: fagia ngazi, waambie watu waondoe nguo kwenye vizuizi vya veranda, piga picha nzuri za maduka.

Nikafagia. Nguo zikaondolewa. Nikaingia dukani na simu yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Meneja! Leo unanunua au unatalii?"

"Nataka picha pana ya duka, mgeni wa benki anakuja. Hebu nisogeze haya ya katikati kidogo, nipate nafasi."

Kile kicheko chake kikafa. "Hayo usiguse."

"Kidogo tu, mzee."

"Meneja, nimesema hayo acha!"

Lakini mkono wangu ulikuwa umeshalivuta moja. Likaja, na lililokuwa juu yake likanifuata, nikajikuta natazama ndani ya rundo.

Kwanza sikuelewa ninachokiona. Sakafuni palikuwa na kisiki cha zege, kimekatwa ovyo, nondo zimekunjwa kama miguu ya buibui aliyekufa. Nikainua macho. Juu kabisa, kwenye dari, palikuwa na kisiki kingine kinaning'inia, kinatazamana na cha chini. Katikati yao hakuna kitu. Ndani ya ule ukuta palikuwa na nguzo, jamani. Nguzo ya ghorofa. Na yeye kaikata.

Pembeni palisimama gogo moja la mti limebana boriti ya juu. Gogo lile lilikuwa limepinda. Limepinda kama upinde wa mshale, na linatoa sauti. Kri. Kri. Kama mtu anasaga meno.

"Mzee," nikasema, "nguzo iko wapi?"

"Nguzo gani? Mama yako alisema niunganishe, nimeunganisha."

"Na hilo gogo?"

Akajifuta jasho. Hapo ndipo nikagundua kumbe huyu mtu anaogopa kuliko mimi. "Fundi aliniwekea. Alisema linatosha. Wiki iliyopita nikaona linaanza kupinda, ndiyo nikaongeza magodoro hapa katikati mpaka juu." Akalipiga kofi godoro la maua. "Yanasaidia, dada. Haya ni mazito, siyo ya sponji nyepesi."

Magodoro. Ghorofa la mama yangu, na watu wote wale ndani, limebebwa na gogo na magodoro.

Vumbi likadondoka kutoka juu, kidogo tu, likaingia kwenye kikombe cha chai alichoshika. Wote wawili tukalitazama. Nikatoka mle kinyumenyume.

Nje nilifungua picha za simu. Milango yote niliyowahi kulalamikiwa nilikuwa nayo, maana Fundi Randa alikuwa halipwi mpaka nipige picha. Nikazipitisha kwa kidole. Wa Nesi. Wa Baba Pacha, juu ya Nesi. Ile kona ulikokuwa unakimbilia mpira. Vyote viko kwenye mstari mmoja, kimoja juu ya kingine, na chini yake kisiki. Siyo jini. Ghorofa lilikuwa linakaa chini taratibu, na mimi nalitungia hadithi.

Nikampigia mama. Akapokea kwa ile sauti yake ya wageni, tamu kama asali. "Eeh, mwanangu! Tuko njiani na mgeni wetu."

"Mama, Mzee Magodoro amekata nguzo."

"Ahaa. Vizuri, vizuri."

"Mama, unanisikia? Nguzo! Ghorofa linaweza kuanguka, watu wamo ndani!"

"Ndiyo, mwanangu, hakikisha pamefagiliwa." Kisha nikasikia anamwambia mtu, samahani baba, simama hapo dukani ninunue maji. Mlango wa gari ukafungwa. Sauti ikarudi, kavu, ya chini. "Unasema nini wewe?"

Nikamweleza. 

"Limepinda sana?"

"Sana, mama. Linalia."

"Nisikilize. Saa moja tu. Anaangalia, anaandika, anaondoka. Akigeuza gari lake, watoe wote, na mimi mwenyewe nitabeba vyombo vyao mgongoni. Limesimama muda wote huu, litashindwa saa moja?"

"Mama..."

"Ukiwatoa watu mbele ya huyu bwana, umetutoa na sisi kwa baba yako. Unajua hilo?" Sauti yake ikakatika. "Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hajawahi. Akakata simu.

Nimesimama ng'ambo ya barabara, natazama juu. Pacha wanaimba dirishani. Mtu anakaanga vitunguu.  Nikajiambia saa moja ni nini, filamu huwa ndefu kuliko hiyo. Nikaanza kuhesabu marejesho kichwani, nikamuona mama anatolewa kitandani kwake na dalali. Halafu kutoka kule dukani nikalisikia tena. Kri. Kutoka ng'ambo ya barabara, magari yanapita, nikalisikia!

Kidole chenyewe kikaandika: "TOKENI NJE WOTE SASA HIVI. GHOROFA LINAANGUKA. NGUZO IMEKATWA."

Nikatuma.

Mnajua nilijibiwa nini? Vikatuni vya kucheka.

"Hii kali! Endelea."

"Meneja leo umeamka nayo."

"Aliyekata nguzo ni yule Mtoto Asiyeonekana?"

Baba Pacha: "Ngoja kwanza nikaange bisi."

Nikarekodi sauti, nalia kabisa, kamasi na machozi, tokeni jamani, siyo hadithi, naapa kwa kaburi la baba. Mtu akajibu: "Hata kulia unaweza! Una kipaji, mdogo wangu, usikiache."

Nikakimbilia ngazi nigonge milango. Nikaweka mguu ngazi ya kwanza, mguu ukakataa. Sijui niwaeleze vipi. Kichwa kinasema panda, mguu umeota mizizi. Nikarudi nyuma nimeshika simu kama kuku aliyekamatwa, nawaza ni kitu gani duniani kinaweza kumtoa mpangaji chumbani mbio.

Nikakijua.

"TANGAZO KUTOKA KWA MWENYE NYUMBA. Kuanzia mwezi huu kodi ni NUSU. Njooni ng'ambo ya barabara sasa hivi mjiandikishe, mtu na familia yake yote. Atakayekutwa ndani atabaki na bei ya zamani."

Weh!  Nikasikia ndala. Mvua ya ndala kwenye ngazi! Nikafumba macho, nikaogopa mbio zao ndizo zitakazolimaliza lile gogo. Wakamiminika. Kuna watu sikuwa nawajua, kumbe chumba nilichompangisha mtu mmoja kinalala ukoo. Kuna mmoja wiki ile ile aliniapia yuko safarini, kodi atalipa akirudi, huyo ndiye aliyefika wa kwanza. Baba Pacha kaja na taulo, povu la sabuni kichwani, pacha kawabana makwapani, mkewe nyuma. Fundi Randa naye akateremka na sanduku lake la vifaa, alikuwa kule juu anakwangua mlango mwingine.

"Na mimi niandike," akasema.

"Wewe si mpangaji!"

"Nitahamia. Nusu bei, nani mjinga?"

Gari likasimama. Mama akateremka. Nyuma yake bwana mmoja wa tai, na futi ya kupimia mkononi.

"Mama Mwenye Nyumba!" Baba Pacha akapiga kelele. "Mungu akuzidishie! Kodi nusu! Wenye roho kama yako wameisha duniani!" Umati ukampigia mama vigelegele. Mama akasimama katikati ya vigelegele vile ananitazama, na mimi yale macho sitayasahau mpaka nizikwe.

"Kodi nusu?" mthamini akauliza. "Mama, mbona kwenye maombi yako..."

"Siyo kodi," nikasema. Ikabidi nipige kelele. "Hakuna kodi nusu! Nimewadanganya mtoke! Ndani ya duka nguzo imekatwa, kuna gogo, limepinda, linavunjika!"

 Mzee Magodoro, ambaye naye alikuwa ametoka na kikombe chake, akainamisha kichwa. Hapo ndipo waliponiamini. Mthamini akarudi nyuma hatua, akarudi tena, akaingia garini na kufunga mlango, kana kwamba ghorofa likianguka litagonga kwanza kuomba ruhusa.

Mke wa Baba Pacha ndiye aliyesema. "Nesi yuko wapi?"

Nikatazama nyuso zote. Nesi katoka zamu asubuhi. Nesi huweka pamba masikioni na kuzima simu. Nesi hakuona tangazo lolote. Na chumba chake kiko juu ya kisiki.

Nikamgeukia Fundi Randa. Akanipa mtaimbo wake kabla sijasema neno, lakini hakusogea. "Chukua, bosi mdogo. Mimi nina watoto." Sikumlaumu. Mguu wangu mwenyewe ulikuwa haujanirudia.

Mkono ukaninyang'anya ule mtaimbo. Mama. Amevua viatu vyake vya heshima, yuko peku kwenye lami.

"Baki hapa."

"Mama, usiende..."

"Nimesema baki!"

Akaingia. Yule aliyeniomba saa moja, akaingia na mgongo wake uliopinda. Na mguu wangu, sijui nani aliung'oa, ukamfuata.

Ndani palikuwa kimya vibaya. Vitunguu vya mtu vinaungua. Tulipofika kwa Nesi, fremu ya mlango ilikuwa imelala upande, mlango umebanwa kama ulimi kwenye meno. Mama akaupiga ngumi. "Nesi! Amka, mwanangu! Toka!"

Mara nyingi. Mwisho, sauti ya usingizi: "Nani? Kodi nimeshalipa."

"Siyo kodi! Vuta mlango!"

Kitasa kikazunguka. "Haufunguki. Mama, haufunguki! Mama!" Sasa ameamka. Alianza kuupiga mlango kwa viganja. Mama akachomeka mtaimbo pembeni, tukaning'inia wote wawili. Chini ya nyayo zangu sakafu ilikuwa inatetemeka, kama lori zito linapopita. Hakuna lori lililokuwa linapita.

"Vuta, mwanangu, vuta!"

Mlango ukapasuka. Ukapasuka kirahisi, maana Fundi Randa alishaukwangua mpaka ukawa kama karatasi. Nesi akatoka na shuka, mama akamshika mkono, tukazigeukia ngazi, na hapo ndipo gogo liliposema PAA!

Kutoka chini, kutoka dukani. Sakafu ikatuacha. Kidogo tu, kama unapodhani ngazi zimeisha kumbe imebaki moja. Vumbi likapanda, sioni mkono wangu. Nikasikia vioo, nikasikia mama anaita jina la baba. Tukateremka kwa makalio, kwa magoti, sijui kwa kitu gani, tukatokea barabarani weupe kama tumepakwa unga.

Tukageuka kulitazama ghorofa lianguke.

Watu wote wameshika vichwa. Pacha wamefichwa nyuso. Tukasubiri.

Tukasubiri.

Halikuanguka.

Hili ndilo msiloliamini! Gogo lilikuwa limevunjika vipande, boriti imeshuka, madirisha yamekuwa ya kilema, na ghorofa limesimama. Mzee Magodoro akachungulia kwenye vumbi la duka lake, akatoka anaruka kama mtoto. "Yamelishika! Magodoro yangu yamelishika!"

Mhandisi wa manispaa alipokuja alisema magodoro hayana lolote, ni kuta za pembeni ndizo zilizopokea uzito. Akapiga alama nyekundu, akakataza mtu kuingia. Nikamuuliza, litaanguka lini? Akakuna kichwa. "Binti, sijui. Labda kesho. Labda wajukuu zako watalikuta. Lingeweza pia kuwafunika wote siku ile, kama mzigo wa juu usingepungua. Au lisingewafunika. Siwezi kuapa." Mzee Magodoro hakungoja kuapishwa. Kafungua duka jipya, na bango lake lina picha ya ghorofa letu: "Godoro lililobeba ghorofa."

Mthamini hakuteremka tena garini. Benki ikaandika barua ya heshima sana. Nyumba ya baba imepigwa mnada.

Sasa hivi mimi na mama ni wapangaji. Chumba kimoja, cherehani iko miguuni kwangu ninapolala. Nesi huleta sare za wenzake wa hospitali mama azishone. Wapangaji wengine wanatudai amana walizoweka walipohamia, na Baba Pacha mpaka leo ananiandikia: "Meneja, tangazo lako la nusu kodi ninalo." Anatania, nadhani. Hadithi za majini nimeacha. Kila jioni mama anaufungua mlango wa chumba chetu na kuufunga, anaufungua na kuufunga, anasikiliza, ndipo analala.

Na ghorofa bado limesimama. Miezi yote hii. Tukipita ile barabara mama hugeuza uso, isipokuwa juzi. Juzi alisimama, akalitazama kwa muda mrefu.

"Limesimama," akasema.

Nikamvuta mkono tuendelee.

"Saa moja, mwanangu. Lingesimama saa moja."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepima kitambaa. Na labda ni kweli. Labda niliuza nyumba ya baba kwa ujumbe mmoja, bure kabisa. Halafu nafumba macho naona wote wamo ndani, pacha wanaimba, mthamini anapima ukuta kwa futi yake, mama yuko nyuma yake anatabasamu, na gogo linasema paa. Picha hizo mbili zinanitisha sawasawa.

Basi, wewe uliyefika hapa. Simu iko mkononi mwako, ujumbe umeshaandikwa, bado kubonyeza tu. Gogo linalia. Mama yako, ambaye hajawahi kukuomba kitu, anakuomba saa moja. Usiniambie ungekuwa shujaa. Niambie kidole chako kingefanya nini.